Jina la Mngoni Aliyelala Kaburini

Bibi niliyekuwa namwogesha alikuwa na miaka tisini na tatu na ulimi mkali kama wembe. Asubuhi ya kwanza alinitazama kwa pembeni, kama kuku, maana macho yake yalikuwa yameshapofuka katikati, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, Songea. Akacheka. "Songea! Baba yangu aliifahamu Songea kabla hata mama yako hajazaliwa. Haya, haraka." Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili. Kiswahili chake chote kilikuwa hicho: lete, ondoa, haraka, pumbavu. Alizaliwa Tanganyika, akalelewa na yaya, na alichobaki nacho ni amri tu.

Mimi nyumbani nilikuwa mwalimu wa darasa la tano. Hapa Sydney nikawa mtu wa kuosha wazee, na sioni aibu. Ila bibi yule alipogundua kwamba najua kusoma vizuri, kazi yangu ikabadilika. Rosta, ratiba yetu ya zamu, ilinipa saa mbili za kumwogesha, kumvika, kumpa dawa na kifungua kinywa. Yeye akapanga yake: nusu saa ya maji, na muda wote uliobaki nimsomee muswada wa baba yake.

Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Mwingereza. Alipigana vita vikuu vyote viwili, akastaafu akiwa kanali, akahamia huku, na uzeeni akayaandika maisha yake ya kijeshi kwa taipureta, furushi zima la karatasi. Binti hakuolewa wala hakuzaa. Alimtunza baba mpaka akafa, kisha akautunza muswada. Sasa mtoto wa kaka yake alikuwa anautengeneza uwe kitabu, nakala chache za ukoo, kitoke kabla ya siku ile ya Aprili ambayo watu wa huku huwakumbuka wanajeshi wao. "Nataka nikishike mkononi," aliniambia bibi. "Baada ya hapo nikifa shauri yenu."

Basi nikasoma. Katika vita vya kwanza ni luteni mdogo, yuko kusini mwa Tanganyika, anasimamia wapagazi. Nyumbu wake waliokufa aliwaandika mmoja mmoja, huyu alikuwa mkaidi, huyu alikuwa mpole, kwa uchungu kabisa. Wapagazi aliwaandika kwa jumla: wiki ile tulipoteza wengi, mvua. Na bibi ananiambia, "Paza sauti hapo kwenye nyumbu." Khaa! Nikapaza. Baada ya hapo akakaa miaka mingi akifundisha askari weusi gwaride, akaoa, akapata watoto. Kiswahili alikijua hasa, alifanya mitihani yote akafaulu, na maneno aliyoyachomeka mle ndani yalikuwa safi. Vita vya pili vikamkuta meja. Akapanda meli na kikosi cha Watanganyika kwenda Burma, Bama kama walivyosema wazee wetu, na akarudi na nishani kifuani.

Ukurasa wa Bama ndio bibi aliupenda kuliko zote. Askari mmoja Mhehe ameuawa kwa kombora. Kaburi limechimbwa, maiti imelazwa kando ndani ya blanketi, padri anafungua kitabu chake. Mara Mngoni mmoja anachomoka mstarini, kavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anaomba sigara kwa sauti ya marehemu. Kisha anarukia kaburini, analala chali, anapiga kelele kwamba mvivu huyu, mlafi huyu, haingii humu mpaka mimi nipewe pakiti ya sigara. Na Wahehe, ndugu wa aliyekufa, wanaangua kicheko. Meja akaona unyama mtupu. Akaamuru Mngoni akamatwe, na kesho yake akachapwa viboko mbele ya kikosi kizima. Nilitetea heshima ya maiti, aliandika, mbele ya watu wasioijua heshima hiyo.

Jina la yule Mngoni hakuliandika. Askari mmoja wa kabila la Wangoni, basi.

Mara ya kwanza kuusoma ukurasa ule nilikitambua nilichokisoma. Mimi ni Mngoni, na aliyoyaeleza yule mzee nimeyaona kwa macho yangu. Wahehe ni watani wetu. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, damu ikageuka matusi, na mpaka leo Mhehe ananitukana anavyotaka nami namrudishia, na hakuna wa kununa. Siku tulipomzika baba yangu, jirani yetu Mhehe, mama mtu mzima na heshima zake, alivaa koti la baba, akachechemea kama yeye, akawa anafoka kwamba ugali wa msiba haujaiva. Mumewe akalala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Tulicheka huku kamasi zinatutoka. Na ni hao hao waliochota maji, wakapika, wakafagia uwanja siku zote za matanga. Sisi wafiwa kazi yetu ni kulia. Mtani kazi yake ni kutuzuia tusife pamoja na marehemu. Kumbe yule ofisa na Kiswahili chake chote cha mitihani, hilo hakufundishwa wala hakuuliza.

Nikaendelea kusoma. Kazi ni kazi. Lakini pia kulikuwa na jambo la mama yangu. Mama yuko Songea, ana miaka themanini na minane, na ana mjomba aliyekwenda Bama asirudi. Hapakuja barua wala cheti, na kaburi halijulikani. Matanga hayakukaliwa, kwa sababu bibi mzaa mama, dada yake huyo mjomba, alikataa katakata: nani kawaambia kafa? Akaja kufa yeye, bado anangoja. Wangoni waliokwenda Bama ni wengi, najua, na sina ushahidi wowote kwamba huyu ndiye. Ila nilipompigia mama simu nikamsimulia, akasema, "Mama alikuwa anatwambia mjomba alijaa mizaha, hata kanisani. Muulize huyo bibi jina. Tukilijua jina tutajua tulie au tusilie."

Nikamwuliza. "Yule askari wa kaburini, baba yako aliwahi kumtaja jina?"

"Kumtaja?" akasema bibi. "Alipokuwa anakufa hakuwa na jina lingine mdomoni. Hata langu alilisahau."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Akatabasamu, meno yake bado yako kwenye glasi. "Nitakwambia siku utakapojua kuchemsha yai."

Yesu na Maria, mayai niliyoyachemsha! Dakika nne, nne na nusu, tano. Kila asubuhi anagonga kwa kijiko, anaonja, anasema bado. Siku nyingine anaanza, "Jina lake lilikuwa..." halafu anaomba chai. Aliufurahia mchezo huo kuliko dawa zake zote. Jirani yangu hapa Granville, mama Mkongomani anayefanya kazi ghalani, nikamweleza. "Ule muzee anakuchezea tu, dada," akasema. "Vumilia. Siku moja atachoka, atasema." Ushauri ulikuwa mzuri. Tatizo mimi si mtu wa kufuata ushauri.

Jumatano moja ya Machi, muswada ukiwa karibu kwenda kupigwa chapa, bibi alialika wenzake watatu wa jengo lile kunywa chai. Nikatandika kitambaa, nikakata keki. Akaniamuru niwasomee ukurasa wa kaburi. Nikasoma mpaka mwisho. Akaninyooshea kidole, au alikinyoosha pale alipodhani nimesimama, akasema, "Na huyu hapa ni wa kabila hilo hilo. Siku ya kwanza nilimkagua kucha, nisije nikakuta udongo wa makaburini." Mmoja wao alitazama chini, namshukuru. Wale wawili walicheka mpaka vikombe vikagongana na visahani. "Usinune," bibi akaniambia. "Baba aliwatibu ugonjwa huo."

Nikacheka na mimi. Ndiyo, nilicheka, ndivyo mtu anavyofanya akiwa na sinia mkononi. Kwenye treni nikapitiliza Granville bila kujua, nikashtukia niko Parramatta. Katika kazi hii nimetemewa mate, nimeitwa nyani, nimepigwa kofi na mzee aliyedhani mimi ni mkewe. Hao walikuwa wagonjwa, akili zimeshawatoka, nawafuta uso yanaisha. Huyu akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu.

Kesho yake nikamwogesha kama kawaida. Yuko kwenye kiti cha kuogea, uchi, mifupa mitupu, maji ya vuguvugu yanamtiririka mgongoni. Nikaichagua saa hiyo. Nataka lieleweke hilo, niliichagua. Mtu aliye uchi, mwenye povu kichwani, hana pa kwenda.

Nikamweleza utani wote, taratibu, kwa sauti yangu ya darasani. Nikamweleza koti la baba na jogoo. Kisha nikasema, "Baba yako hakuona unyama, bibi. Aliona mtu akimfanyia marehemu kazi ya mwisho, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifanya. Wale Wahehe walicheka kwa sababu walikuwa wanafarijika. Pale kaburini mtu asiyejua heshima alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeshika cheo."

Nikaendelea kumsugua mgongo. Nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Funga maji."

Nikafunga.

"Alikufa," akasema. "Huyo mtu wako. Ilikuwa mvua usiku na mchana, vidonda vya viboko vikaoza. Alikaa siku tisa. Baba hakuliandika hilo. Aliniambia mimi peke yangu. Miaka yake ya mwisho alikuwa ananiita, ananiuliza, nilitenda haki? Namwambia, ulitenda haki, baba, yule alikuwa fisi. Anatulia. Baada ya saa moja ananiita tena."

Mwenye akili angechukua taulo akamfunika. Alikuwa anatetemeka, nami niliona si kwa baridi tu. Lakini hasira ni hasara, na mimi masikioni mwangu vile vikombe vilikuwa bado vinalia.

Akaendelea, sauti imeshuka. "Baba alikwenda kumzika yule mtu, kwa hiari yake mwenyewe. Alisema askari walisimama kimya kabisa, hakuna aliyefungua mdomo, si Mngoni si Mhehe. Ilimfariji sana ile. Alisema walikuwa wamejifunza." Akaniinulia uso wake, povu linashuka kwenye nyusi. "Walikuwa wamejifunza, sivyo?"

Kwa miezi yote niliyomhudumia, ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu kama mtu anayelihitaji jibu. Na jibu nilikuwa nalo mimi.

"Watani wake walikuwa wale Wahehe," nikasema. "Ilikuwa zamu yao kumlilia kwa matusi. Walinyamaza kwa sababu baba yako alikuwa amesimama pale na viboko vyake. Na kwetu mtu akizikwa bila mtani hapumziki, bibi. Anazunguka. Anamtafuta yule aliyewafunga watani wake mdomo, anamkalia kitandani mpaka naye afe. Si umesema baba yako alikufa akimwita?"

Uongo mtupu. Kila siku watu wanazikwa bila mtani, wanaoza kwa amani kama wengine. Hilo la kuzunguka nililitunga pale pale, sifongo mkononi, na lilinitoka tamu. Bibi akatoa mlio mdogo, mlio ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Nami nikafurahi. Nasema ukweli wa Mungu, nilifurahi kwa muda wote wa kumkausha, kuanzia shingo mpaka katikati ya vidole vya miguu.

Nilipokuwa namfunga vifungo vya blauzi, ndipo mpumbavu mimi nikauliza, "Basi niambie, alikuwa anaitwa nani?"

Akageuza uso ukutani.

Tangu siku ile hakutaka nimsomee. Yai likija anakula, lililoiva na lisiloiva, hasemi kitu. Sikuweza kulala vizuri, na siku ya tano nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamwomba radhi. Nikamwambia lile la kuzunguka nililitunga.

"Sasa nitajuaje lipi ulitunga na lipi hukutunga?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Nikamwambia habari za mama, jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata siku moja, kwa kiburi tu, nisionekane ombaomba. Nikamweleza mjomba na mizaha yake kanisani, na bibi mzaa mama aliyekataa matanga. Nikasema mama ana miaka themanini na minane, anataka jina tu, hata kama si lake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, akinitazama kwa pembeni.

"Ungeniambia haya kwanza," akasema, "ningekupa siku ile ile."

"Nipe sasa, bibi. Nakuomba."

"Baba alikufa nalo mdomoni. Miaka hamsini nililala nikijua nilimwambia kweli. Umevichukua vyote, na haki yake na usingizi wangu. Hili halitoki."

Kitabu kilikuja Aprili ndani ya boksi, kina jalada gumu la kijani. Mtoto wa kaka yake alinikabidhi nakala, akanishukuru kwa kumsomea shangazi. Nikafungua sura ya Bama nikiwa bado nimesimama mlangoni. Mhehe anapigwa na kombora. Padri anasali. Kesho yake kikosi kinavuka mto. Nikarudia kurasa mbili nyuma, mbili mbele. Mngoni hayumo. Kofia haimo, viboko havimo.

"Nilimwagiza aufute ukurasa ule," bibi akasema kutoka kitini. "Si ulisema baba alikosea? Basi, hakukosea tena."

Mwanzoni yule mtu alikuwa ndani ya kitabu kama mnyama. Mimi nikataka atoke kama mtu. Sasa hayumo kabisa, na mimi ndiye niliyemtoa, kwa sababu sikusema kwa ajili yake. Nilimwokota pale kaburini nikamtumia kama fimbo ya kumpigia kikongwe aliye uchi. Nilijaribu kutafuta njia nyingine. Nilimwuliza yule mtoto wa kaka yake kama kwenye karatasi za zamani kuna jina, akasema hakuna. Nilitazama orodha za waliokufa Bama. Majina yapo, safu kwa safu, lakini yupi alikufa kwa adui na yupi alikufa kwa viboko vya mkubwa wake, hilo halikuandikwa.

Ijumaa moja ya Julai bibi alikuwa hajiwezi tena. Midomo ikawa inacheza. Nikainama, nikaliweka sikio langu juu ya mdomo wake kama mwizi anayesikiliza mlangoni, nikanong'ona, "Sema, bibi, nipo." Alisema ana kiu. Nikamnywesha kwa kijiko. Jumapili akafariki, zamu ya mtu mwingine.

Nikampigia mama baada ya misa.

"Yule bibi amefariki, mama."

"Mungu amlaze pema. Na jina?"

"Hakulijua," nikasema. "Uzee. Alikuwa ameshalisahau."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa. "Lakini ulimwuliza vizuri?" akasema. "Kwa upole?"

"Nilimwuliza kwa upole, mama."

"Basi wewe umetimiza yako, mwanangu," akasema, akaanza kunishukuru.